Koti la Mpira

Wanaoanza kazi yetu huniuliza wanunue nini kwa ajili ya mvua. Wengine huja na karatasi kabisa, wameshaandika: koti, buti, begi. Huwa nawajibu kwa kifupi, maana mambo haya hayataki hotuba. Gambuti usinunue. Ukiwa juu ya baiskeli maji yanaingia kwa juu na hayana pa kutokea, unabaki unakanyaga pedali huku umevaa ndoo mbili. Vaa yeboyebo za plastiki, ukifika utaosha miguu. Begi la mgongoni la mtumba, hata muuzaji akikuapia kwamba halipitishi maji, linapitisha kwenye zipu. Mfuko mbadala, huu wa kitambaa uliokuja baada ya mifuko ya plastiki kukatazwa, ndio usiseme, hilo ni chujio lenye mikono. Tafuta mfuko wa mbolea uliokwisha, toa nailoni ya ndani, ioshe sana, tia vitu vyako humo, kunja mdomo mara tatu, funga kwa kamba ya tyubu. Mzigo kwanza, mwili baadaye.

Wakiuliza kuhusu koti nawaambia wakanunue koti la mvua.

"La aina gani?" wanauliza.

La mvua, nasema, na hapo sauti yangu hubadilika. Najua wananisema wakiondoka, kwamba yule mama ana hasira za bure. Si za bure.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, huku Mbuba. Napita nyumba kwa nyumba, nasikiliza nani anakohoa na tangu lini. Anayekohoa wiki mbili na zaidi namshauri aende zahanati, anapewa kikopo, asubuhi anakohoa makohozi kutoka chini kabisa ya kifua, si mate, anafunga. Mara moja kwa wiki navipakia vikopo kwenye baiskeli navipeleka maabara mjini. Baiskeli tulipewa na mradi uliokwisha zamani. Ni ya kiume, ina bomba katikati, na waliotoa hawakufikiri kwamba mwanamke wa Kikatoliki wa Mbuba atalivukaje bomba hilo mbele ya baba mkwe wa mtu. Mwaka wa kwanza nilivaa kitenge, kikaliwa na mnyororo mara tatu. Mwaka wa pili nikavaa suruali chini ya sketi, watu wakasema wakachoka. Madigadi ya nyuma ilikatika nikabaki na mstari wa tope mgongoni kila siku ya mvua, kuanzia kiunoni hadi kwenye kitambaa cha kichwa.

Na huku kwetu mvua hainyeshi kwa adabu. Inakungoja kwenye mlima, pale ambapo huwezi kukimbia kwa sababu unasukuma.

Kwa muda mrefu nilikuwa na utaratibu wangu. Salfeti kwangu, nailoni kwa boksi. Salfeti ni mfuko wa mbolea wa nje, unauchana ubavu mmoja, unaingiza kona moja ndani ya nyingine unapata kofia yenye joho. Nailoni ilikuwa kipande kimoja cheusi nilichopewa na jirani mwenye kitalu cha miche, nikakifunga juu ya kiboksi cha vikopo kwa kamba za tyubu. Kiboksi chenyewe kilikuwa cha plastiki na kishikizo cha mfuniko kilikuwa kimevunjika. Fomu za wagonjwa zilikaa kwenye mfuko mbadala juu yake, ndani ya nailoni hiyohiyo. Salfeti haipendezi, na ukitembea inapiga kelele kama mtu anayekula mahindi makavu. Lakini nilikuwa nafika na vikopo vyangu vikavu.

Nilichoka kuonekana hivyo. Nasema ukweli, sikuwa nimechoka kulowa. Nilikuwa nimechoka kuingia mjini nimevaa gunia wakati wenzangu wa kata nyingine wana makoti. Nilikuwa nimeliona moja, zito, la kijani, ndani lina kitambaa na nje lina mpira halisi, amelivaa mlinzi wa ghala moja kule mjini Nyamiaga, palipo na maabara. Maji yalikuwa yanadondoka juu yake na kukimbia. Nikalitamani lile koti kuliko nilivyowahi kutamani gauni.

Nyumbani nilikaa na shangazi yangu, dada wa baba. Masenge, ndivyo tunavyosema kwa Kihangaza. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa sijaota meno ya pili. Aliachika, akarudi kwenye shamba la migomba la babu, akanikuta, akanichukua. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha misa, na herufi l hakuwahi kuelewana nayo, zote zilitoka r. Siku moja ya gulio alikuwa anapeleka maharage yake kuuza, mimi nilikuwa na mkutano zahanati. Akaniuliza kama nina la kumwagiza.

Nikamwambia aniangalizie koti la mpira. Nikamweleza vizuri, tena kwa kujisikia, kama mwalimu. "Shangazi, kuna koti la mvua na kuna koti la mpira. La mvua usichukue. Ni jembamba kama ganda la kitunguu, linachanika wiki moja. Wakikupa la mvua kataa. Wewe sema koti la mpira, ushike hapohapo."

"Koti ra mpira," akarudia.

"La mpira. Si la mvua."

"Nimesikia, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu. "Si ra mvua."

Alirudi jioni na wanawake aliokwenda nao, wote wamepitia uwanjani kwetu kupumzika. Alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Alifungua kanga taratibu, akatoa koti. Lilikuwa la buluu, lina mistari myeupe kwenye mikono, linang'aa, mgongoni lina namba tisa na maandishi ya nchi ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Koti la kupasha mwili moto. Koti la wachezaji wa mpira.

Nilipaswa kunyamaza. Nilipaswa kusema asante, nilivae, mambo yaishe. Lakini ulimi hauna mfupa, na mimi nilikuwa nimelingoja koti la kijani tangu asubuhi.

"Mechi ni saa ngapi, shangazi?" nikasema. "Mimi ndiye namba tisa? Basi na wewe kavae filimbi."

Wanawake wakacheka, mmoja akakaa chini kabisa. Shangazi naye akacheka, ila alichelewa kidogo, kama mtu anayesubiri atafsiriwe. Halafu akaelewa. Alilishika lile koti akaligeuza huku na huku, akitafuta kosa liko wapi.

"Niriuriza koti ra mpira," akasema. "Yure kijana akaniambia hiri ndiro ra mpira. Ra mvua ririkuwepo. Niririshika mkononi. Nikarirudisha, maana urisema nisichukue."

Hakulisema kwa kujitetea. Alikuwa ananieleza tu jinsi alivyotii. Baadaye nikaja kujua kwamba alikuwa amelinunua kwa fedha ya maharage yake, ile niliyompa akairudisha ikiwa vilevile kwenye fundo la kanga. Lilikuwa zawadi. Hata hapo sikuomba radhi. Nililitundika msumarini nyuma ya mlango, na watoto wa jirani, ambao husikia kila kitu, wakaanza kuniita Kocha.

Lilikaa msumarini wiki nyingi. Mvua ilinyesha, nikavaa salfeti. Shangazi aliniona nikitoka na salfeti, akatazama msumari. Wakati huo alikuwa ameanza kukohoa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusikiliza vikohozi vya watu, niliupita mlango wake asubuhi na jioni nikasema ni moshi wa jikoni. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Sijui kama waliosema walikuwa wanatafuta udhuru kama mimi.

Nguo zilipoanza kumpwaya ndipo nilipompa kikopo. Alikohoa asubuhi, nyuma ya nyumba, akakifunga kwa nguvu zake zote, akaniletea akiwa amekifunika kwa jani la mgomba kwa aibu. Nilikipeleka zahanati kuandikishwa, nesi akaandika majina juu ya vipande vya plasta, akavibandika ubavuni mwa vikopo, akajaza fomu. Vilikuwa vikopo vinne. Cha shangazi kilikuwa cha mwisho.

Nilirudi nyumbani kuchukua nailoni na salfeti. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa mjini, meusi. Shangazi alikuwa mlangoni ameegemea kizingiti. Alikuwa ameshalitoa lile koti msumarini, amelipangusa vumbi, amelishika kwa mikono miwili.

"Vaa koti rako," akasema. "Reo unabeba vya kwangu."

Nikalivaa. Nifanyeje? Nikaiacha salfeti pale kwenye kuni, kwa sababu nisingeweza kuliomba koti lile msamaha kisha nikalifunika kwa gunia. Nikafunga nailoni juu ya boksi kama siku zote, nikavuka bomba, nikaondoka. Nilipogeuka alikuwa bado anatazama namba tisa.

Mvua ilinikuta kwenye mlima mrefu wa kwanza. Kwa dakika chache maji yaliteleza juu ya lile koti, nikafikiri labda tulimwonea shangazi. Halafu likakubali yote kwa pamoja. Lilikunywa maji, likawa zito, mikono ikarefuka ikafunika vidole, ubaridi ukanishika kifuani. Meno yakaanza kugongana. Maabara hupokea makohozi mpaka saa sita, na nilikuwa nimechelewa, kwa hiyo kukaa kungoja mvua ipite ilikuwa sawa na kurudi nyumbani. Nilisukuma. Tope la gurudumu la nyuma lilikuwa linaruka moja kwa moja kwenye boksi na mgongoni kwangu.

Juu ya mlima kulikuwa na kibanda cha kuuzia ndizi, siku hiyo hakina mtu. Nikasimama chini ya ukingo wake. Nilikuwa natetemeka hadi nikashindwa kushika breki. Nikaitazama nailoni. Nikajiambia boksi lina mfuniko. Nikajiambia vikopo vimefungwa, makohozi hayalowi, ni maji tu. Nikajiambia pia kwamba nikianguka njiani havitafika kabisa, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinidanganya vizuri. Nikafungua kamba za tyubu, nikaitoa nailoni, nikajifunika kichwa na mabega, nikafunga boksi na mfuko wa fomu kwa kamba tupu.

Nilipata joto. Hilo silisahau. Nilishuka ule mlima nikiwa na joto, na nikashukuru.

Nilipofika Nyamiaga mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, barabara inatoa mvuke. Maabara nilifika kabla ya saa sita. Nilifungua boksi mbele ya yule mtu wa vipimo. Ndani kulikuwa na maji mekundu ya tope, vikopo vimelala humo. Viwili vilikuwa bado na plasta zao, majina yanasomeka kwa shida. Viwili ubavuni havikuwa na kitu. Plasta zao zilikuwa chini ya maji, zimekunjamana, wino umeondoka. Fomu zilikuwa zimegandana, nilipojaribu kuzitenganisha zikakatika mkononi kama ugali mbichi.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliviinua vile viwili kimoja kimoja, akavigeuza kwenye mwanga.

"Kipi cha nani?" akauliza.

Nilijua kimoja ni cha shangazi na kingine ni cha mzee mmoja wa mlima wa pili. Nilivitazama sana. Nilijaribu kukumbuka kile alichokifunga kwa nguvu, nikadhani ni hiki, halafu nikadhani ni kile. Nikafungua mdomo nitaje. Lakini nikikosea, mmoja angemeza dawa kali miezi mingi bila ugonjwa na mwingine angeambiwa ni mzima. Nikasema sijui. Ni kitu kimoja tu nilichofanya sawasawa siku ile, na hakikumsaidia mtu.

"Basi wakohoe upya," akasema, akaviweka kwenye taka za maabara.

Ni maneno matatu. Ningerudi nyumbani nikayasema na asubuhi angekohoa upya. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala.

Nilipofika nyumbani alikuwa ameniwekea maji ya moto ya kuoga. Alishika mkono wa koti, ukachuruzika maji. Nikaona uso wake.

"Koti harikukusaidia?" akauliza.

Ningesema kwamba halikunisaidia, ningelazimika kusema nilichofanya baada ya hapo. Na nilikuwa nimeshamcheka mara moja mbele ya watu. Nikasema, "Lilinisaidia, shangazi. Maji haya ni ya njiani mwishoni. Mlimani lilinikinga."

Alifurahi. "Na majibu?"

"Yatakuja."

Yule mzee wa mlima wa pili nilimfuata kesho yake, nikamwambia kikopo chake kimeharibika, akakohoa kingine bila maneno, nikakipeleka kwa salfeti na nailoni. Kwake niliweza. Kwa shangazi sikuweza, kwa sababu kwake kusema kikopo kimelowa ilikuwa ni kusema koti. Kila alipouliza nikajibu bado. Nesi wa zahanati naye aliponiuliza mbona majibu ya shangazi yako hayaonekani, nikamwambia maabara wana kazi nyingi. Wiki ya kwanza ikapita hivyo. Ya pili ikapita. Nilikuwa nangoja siku ambayo ingekuwa rahisi kusema, na kila siku ilizidi kuwa ngumu, maana sasa nilikuwa na uongo wa jana wa kueleza pia. Mwezi ukakamilika.

Nesi alikuja mwenyewe nyumbani. Alimkuta shangazi hawezi kukaa bila kuegemea. Alinivuta nyuma ya nyumba akaniuliza, nikasema.

"Siku ile ungesema," akaniambia, "angekuwa mwezi sasa kwenye dawa."

Alikohoa upya. Kikopo hicho nilikibeba nimekifunga ndani ya nailoni mbili, nguo zangu zimelowa chapachapa. Majibu yalikuja haraka, ni kifua kikuu, akaanza dawa siku hiyohiyo. Alizimeza bila kukosa hata siku moja, mbele yangu, akifungua mdomo nione kama mtoto. Lakini mwili ulikuwa umeshakwisha, dawa zilikuta nyumba tupu.

Katika siku zile alikuwa anasikia baridi muda wote, hata jua likiwaka. Blanketi alisema linamlemea. Siku moja akaniomba lile koti. Nikamvisha, mikono yake ilipotea ndani ya ile mistari myeupe. Akajifunga zipu mwenyewe mpaka shingoni, akatulia.

"Rinashika joto," akasema. Baada ya muda akasema tena, "Sikukosea sana, eti?"

Nafasi ilikuwa hapo. Tulikuwa wawili tu, mchana, mlango wazi, na yeye mwenyewe amenifungulia njia. Nikasema, "Hukukosea, shangazi."

Hakukosea, kweli. Lakini nililisema kama mtu anayempa mgonjwa uji, na zamu yangu ya kusema mimi nilikosea nikaiacha ipite. Alifariki akiwa amelivaa, kabla mwezi wa pili wa dawa haujaanza.

Kwenye msiba wanawake walewale wa gulio walinishika mikono wakanisifu kwamba nimemtunza, nimembebea vipimo kwenye mvua, mtoto wa kumzaa asingefanya zaidi. Hakuna aliyeniita Kocha tena, hata watoto. Ningependa waniite. Yule mzee wa mlima wa pili alikuja naye kutoa pole. Alikuwa amenenepa. Bado yuko, nikipita na baiskeli huniita ninywe chai, na mara nyingi najifanya sijasikia.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekua. Kila anayekuja kuniuliza habari za makoti namwona ameshika karatasi yake, nataka kumwambia yote, halafu nasema tu anunue koti la mvua. Mimi mwenyewe nilikwenda gulioni baada ya arobaini, nikalikuta kwenye lundo, lile lile jembamba kama ganda la kitunguu, aina ileile aliyoishika mkononi akairudisha kwa sababu nilimkataza. Nikalinunua. Huu ni mwaka wa pili nalivaa mvua zote, na bado halijachanika.